Simu ya Upepo Ikinyamaza, Asilaumiwe Askari wa Zamu Kwanza

Ndugu wafanyakazi, katika viwanda vya Kampala na Namanve, na katika mashamba ya miwa na chai, kuna chombo kimoja kinachozidi kuleta kesi mbele ya kamati zetu. Ni simu ya upepo, ile redio ndogo ya mkononi ambayo wengine huiita redio koli. Msimamizi anaita usiku, hasikii jibu. Asubuhi askari anaandikiwa barua kwamba alilala kazini. Huenda alilala kweli. Lakini huenda pia alijibu, na sauti yake haikufika. Mjumbe wa chama anayekwenda kumtetea lazima ajue kupambanua mambo hayo mawili, na kwa kazi hiyo si lazima awe injinia.

Katika shamba moja ambalo sitalitaja jina, mlinzi wa pampu ya maji alikatwa mshahara wa siku tatu. Yeye alishikilia kwamba aliitikia mara tatu. Tulikwenda pale na redio yake na nyingine ya aina ile ile. Ya kwake ilisikia kila mtu lakini yeye hakusikika. Fundi wa shamba akasema betri imechoka, na hilo si neno la kupuuzwa, kwa sababu kusikiliza hutumia nguvu kidogo na kusema hutumia nguvu nyingi. Betri dhaifu husikia vizuri, kisha hufa ukibonyeza kitufe. Basi tukatoa betri ile ile tukaitia katika redio ya pili, tukiwa hapo hapo penye pampu. Ikasikika mpaka ofisini. Kwa hiyo betri haikuwa na kosa, wala bonde halikuwa na kosa.

Tukaichukua redio ya mlinzi mpaka chini ya mlingoti wenyewe. Hapo pia haikusikika! Sasa ilibaki jambo moja, yaani mpangilio uliomo ndani yake. Redio za siku hizi hupangwa kwa waya kutoka kwenye kompyuta. Ile ya mlingoti, ripita, hupokea kwa masafa mengine na kurusha kwa masafa mengine, na nyingi hazifungui mlango mpaka zisikie toni ya siri iliyo chini ya sauti ya mtu. Fundi wa mjini alipoisoma redio hiyo alikuta toni ya kusemea haikuandikwa. Ilikuwa imepangwa upya wiki chache nyuma, na hakuna aliyeijaribu kabla ya kumkabidhi mlinzi.

Vijana wanaocheza mchezo wa kompyuta uitwao Garry's Mod, wakiongeza Wiremod, hujenga redio za kuigiza humo ndani, nao wanaijua taabu hii. Nambari ya chaneli ya mtumaji isipolingana na ya mpokeaji, hakuna kinachopita, wala hakuna kengele ya kukuonya. Tofauti ni kwamba wao hawakatwi mshahara.

Yako makosa mengine yaliyo mepesi. Kampala ni mji wa vilima, na redio ya mkononi hupenda kuonana na mwenzake. Aliye nyuma ya kilima au kati ya makontena ya chuma apande juu au atoke nje. Wawili wakibonyeza pamoja, hufunikana. Anayeanza kusema kabla kitufe hakijashika hupoteza neno la kwanza, na mara nyingi neno hilo ndilo jina la anayeitwa. Na asibonyeze mtu kitufe antena ikiwa imetolewa, kwa maana anaweza kuiua redio.

Msidhani haya ni mambo ya walinzi tu. Katika wilaya ya Iganga, jirani na mashamba ya miwa ya Busoga, mwaka 1996 ulianza mpango wa RESCUER, kwa msaada wa UNFPA. Wakunga wa jadi walipewa simu za upepo ili waite msaada na gari la wagonjwa, mama akishindwa kujifungua. Mkata miwa aliyejikata mguu mbali na barabara ana haja hiyo hiyo ya kusikika.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 haimpi mwajiri ruhusa ya kukata mshahara apendavyo. Tena kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa kosa, lazima amsikilize, na mfanyakazi ana haki ya kuja na mtu amchaguaye. Mjumbe, nenda naye. Omba redio yenyewe iletwe mezani, na betri yake, na kitabu cha zamu.

Yule mlinzi alirudishiwa fedha zake. Sasa pale shambani kila zamu huita ofisi inapoingia, na saa ya jibu huandikwa kitabuni na pande zote mbili. Redio mbili za kambi ya bondeni bado zinangoja antena mpya, na kamati imekwisha kuandika barua ya pili.