Uingereza: Mafao kwa kijana asiyeishi na wazazi

Nchini Uingereza, mafao ya Universal Credit kwa kawaida hutolewa kwa aliyetimiza umri wa miaka 18.

Hata hivyo, kijana wa miaka 16 au 17 anaruhusiwa kuomba iwapo hana msaada wa wazazi: ama ni yatima, ama wamefarakana, au kuishi nao kungehatarisha afya yake.

Kuhama nyumbani pekee hakutoshi. Kijana hutakiwa kueleza kwa nini hawezi kurejea.

Asiye na makazi ana njia nyingine. Mwaka 2009 majaji wa Bunge la Malodi waliamua kuwa halmashauri za England haziwezi kumtafutia kijana huyo malazi tu. Ni lazima zichunguze mahitaji yake kwa mujibu wa Sheria ya Watoto ya mwaka 1989. Akichukuliwa na halmashauri, hutunzwa nayo na kwa kawaida halipwi Universal Credit.

Kwa familia za wahamiaji, tofauti hiyo ni muhimu. Kibali cha ukaazi kinachomzuia mtu kupokea fedha za umma humnyima mafao, lakini hakiiondolei halmashauri wajibu wake kwa mtoto aliye chini ya miaka 18.