Mgongo Unaouma Kila Mwezi

Wafanyakazi wenzetu, na ninyi akina mama wa kambi,

Hapa Pangi, katika machimbo ya kasiteriti ya Kalima na vijiji vyake, mtu akilalamika mgongo tunamwambia: ni mizigo. Mara nyingi ni kweli. Beleshi, mfuko wa mchanga wa bati, hata kutwanga sombe, vyote vinachosha mgongo. Lakini maumivu ya kazi hupungua mtu akipumzika. Yako mengine, ya wanawake, ambayo huja na siku za mwezi, hutulia, kisha mwezi ufuatao hurudi.

Tumbo la uzazi lina utando laini ndani yake. Kila mwezi hunenepa, kisha hutoka pamoja na damu. Kwa mwanamke mmoja hivi kati ya 10 wenye umri wa kuzaa, utando wa namna hiyo huota nje ya mahali pake. Ugonjwa huo ni endometriosi. Kwa kawaida huota humo humo tumboni. Kwa nadra sana madaktari wameukuta ndani ya uti wa mgongo. Huko nako hufuata mwezi: huvimba na kutoa damu. Tumboni kuna nafasi. Ndani ya mfereji wa mifupa hakuna. Mishipa ya fahamu hubanwa, miguu hufa ganzi, mkojo huzuilika.

Baadhi ya wagonjwa hao walizaliwa na uti wa mgongo usiofungika vema. Madaktari wengine hudhani chembe za uzazi zilipotea njia mtoto alipokuwa akiumbwa, haijathibitishwa. Alama huweza kuonekana juu ya matako: kishimo, shungi la nywele, au uvimbe laini. Mama, mtazame mtoto unapomwogesha.

Nawe bwana, usimwite bibi yako mvivu, wala usitafute aliyemroga. Andikeni katika kalenda siku za maumivu na siku za damu, miezi 3, mpeleke karatasi hiyo kwa daktari. Picha ya kawaida ya mifupa haiuonyeshi utando huo. Yahitajika mashine ya IRM, ambayo haipo kila mji. Ziko dawa za kusimamisha mwezi, na upasuaji.

Ila miguu ikilegea au mkojo ukikataa kutoka, acheni kalenda. Nendeni hospitali siku hiyo hiyo.