Urusi: Nyumba inahama, watoto wanabaki shuleni

Kwenye rasi ya Yamal, kaskazini kabisa mwa Urusi, siku ya kuhama ni siku ya kazi nyingi kwa wanawake. Wanazima moto, wanateremsha ngozi zinazofunika hema, wanang'oa miti yake na kufunga kila kitu juu ya sleji, mikokoteni isiyo na magurudumu inayoteleza kwenye theluji. Nyumba nzima imekuwa mzigo.

Hao ni Wanenets, kabila la watu zaidi ya 40 000. Wengi wao wanafuga kulungu wa kaskazini, mnyama mwenye manyoya mazito na pembe zenye matawi. Anawapa nyama, nguo, hema na usafiri. Wakati wa baridi kali, ambayo inaweza kufika digrii 50 chini ya sifuri, wanakaa karibu na misitu ya kusini. Baadaye wanapanda kuelekea bahari ya Kara, ambako upepo unafukuza mbu. Familia zingine zinatembea zaidi ya kilometa 1 000 kwa mwaka, kwenda na kurudi.

Kuhama huko si kukimbia. Wanapita njia za wazee wao, na kila wanaposimama, hema linapangwa vilevile: jiko katikati, na kila mtu na pahali pake pa kulala. Mtoto anaamka mbali na pale alipolala juzi, lakini yuko kwao. Ndama aliyefiwa na mama yake analelewa karibu na hema, anapewa mkate mkononi, na akikua ni vigumu kwa familia kumchinja.

Uchungu unakuja mwezi wa tisa. Tangu enzi za Umoja wa Kisovieti, watoto wa wafugaji wanapelekwa kwenye shule za bweni, na mara nyingi ni helikopta inayowachukua kambini. Wana umri wa miaka saba hivi, na watakaa huko miezi mingi wakisoma kwa Kirusi. Wazazi wanataka watoto wasome. Lakini wanaogopa pia kwamba watasahau lugha yao na kazi ya mifugo. Kuna akina mama wanaoamua kubaki kijijini karibu na shule, na baba anaendelea na safari bila wao.

Hofu nyingine inatoka angani. Mwezi wa 11 mwaka wa 2013, mvua ilinyesha juu ya theluji, kisha ikaganda. Kulungu hawakuweza kuvunja barafu hiyo ili wafikie chakula, na karibu 61 000 walikufa kwa njaa. Mfugaji aliyepoteza mifugo yote hana kitu cha kuvuta nyumba yake. Wengine walilazimika kuishi kwa kuvua samaki, wakingoja kupata kundi jipya. Mwaka wa 2016, joto lisilo la kawaida lilifuatwa na ugonjwa wa kimeta. Uliua kulungu zaidi ya 2 000 na mtoto mmoja wa miaka 12.

Hata hivyo, familia nyingi zinaendelea kuhama. Masomo yakimalizika, helikopta inarudi. Kambi imekwisha kusogea mbali na pale mtoto alipoiacha, lakini ndani ya hema, pahali pake pa kulala ni palepale.