Sura ya Sita: Besi za Nguzo na Jedwali Lake

Lushoto watu wengi wanaijua kwa baridi, kabichi na barabara ya kona kona kutoka Mombo. Mnazi imo katika wilaya hiyohiyo, ila iko chini, kaskazini mwa milima ya Usambara, kwenye tambarare ya joto na mkonge inayoelekea Mkomazi na mpaka wa Kenya. Mji wa Lushoto uko takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Ukifika Mnazi, baridi yote umeiacha mlimani. Halmashauri ni moja, na mara nyingi ramani ya darasa ni moja. Ardhi ndiyo tofauti.

Mlimani kinachosumbua ni mteremko. Ukichimba msingi wote kwa usawa mmoja, upande wa juu unazama na wa chini unabaki karibu hewani, kwa hiyo msingi hushuka kwa ngazi. Kwenye tambarare kinachosumbua ni udongo wenyewe. Penye udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaopasuka kiangazi na kuvimba masika, besi, yaani kitako cha zege chini ya nguzo, lazima ipite tabaka linalocheza na kukaa palipotulia. Kina hicho hakipatikani kwenye kompyuta. Kinapatikana kwa kuchimba mashimo ya majaribio kiwanjani, zaidi ya moja, kabla mtu hajafungua programu.

Nalisisitiza hili kwa sababu nchi yetu hujenga kwa ramani za pamoja. Mwishoni mwa 2021 serikali ilianza ujenzi wa madarasa 15,000 kwa fedha za mkopo wa UVIKO-19, na katika ujenzi wa namna hiyo kamati ya eneo ndiyo hununua vifaa na fundi wa jirani ndiye hujenga. Kamati haioni modeli ya kompyuta. Inapewa karatasi, na karatasi inayoamua pesa za msingi ni jedwali la besi.

Zamani besi kwenye kompyuta ilikuwa mistari minne, na jedwali lilichapwa pembeni kwa mkono. Ukibadilisha kimoja ukasahau kingine, hakuna wa kukukumbusha. Programu kama ArchiCAD na Revit zimebadili jambo hilo. (Revit ilitoka mwaka 2000, Autodesk ikainunua 2002.) Ndani yake besi ni kitu kamili: ina aina, urefu, upana, unene na usawa wa chini. Jedwali ni namna nyingine ya kuitazama modeli ileile. Badilisha kipimo cha aina B1 kwenye jedwali, na besi zote za B1 kwenye ramani zinabadilika papo hapo.

Katika Revit, besi hushikamana na mguu wa nguzo ya kubeba mzigo. Ukiushusha mguu, besi inashuka nao. Msingi wa ukuta nao hufuata ukuta. Kwa hiyo anza na usawa: sakafu, ardhi ilivyo sasa, na chini ya besi kwa kila sehemu ya kiwanja. Anayeweka usawa mmoja wa msingi kwa jengo zima amekwisha kuamua kwamba ardhi yote ni sawa, bila kuuliza shimo hata moja.

Tuchukue darasa la kufikirika pale Mnazi, lenye nguzo 12, kila moja ikileta chini tani 14. Mhandisi aliyesajiliwa amepima na kusema udongo unabeba tani 10 kwa mita ya mraba. Gawanya: mita za mraba 1.4, yaani besi ya mita 1.2 kwa 1.2, tuiite aina B1. Kwa unene wa mita 0.3, kila besi ina zege la mita za ujazo 0.432, na zote 12 zinafika 5.18. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4, unaokula kama mifuko sita na nusu ya saruji kwa kila mita ya ujazo, hiyo ni mifuko 34.

Sasa kwenye kona moja shimo la majaribio linaonesha udongo laini, wa kubeba tani 6.5 tu. Mhandisi anataka besi nne za huko ziwe mita 1.5 kwa 1.5, unene 0.35, na zishuke zaidi. Unaunda aina ya pili, B2, unazigeuza besi nne na kushusha miguu ya nguzo zake. Zege linapanda hadi mita za ujazo 6.6, saruji mifuko 43. Mifuko tisa imeonekana mezani kabla ya kukosekana kijijini.

Hapa ndipo jedwali linapoweza kukuangusha. Wengi hulifupisha kwa kukusanya besi za aina moja kwenye mstari mmoja. Ikiwa B1 mbili zina vina tofauti, safu ya kina haitoi namba kwenye mstari huo, na fundi akikosa namba atachimba kwa mazoea. Jedwali la kina liache kila besi na mstari wake, pamoja na alama ya gridi inayoonesha ilipo. La kununulia zege ndilo lifupishwe.

Uchimbaji nao haumo kwenye jedwali mpaka uuweke. Shimo la besi ya mita 1.2 lenye kina cha mita 1.5 lina mita za ujazo 2.16 ukihesabu besi peke yake. Ukimwachia fundi nafasi ya sentimita 30 kila upande, zinakuwa 4.86. Ongeza safu ya hesabu itakayofanya kazi hiyo yenyewe.

Nondo zinataka uangalifu kuliko vyote. B1 yenye nondo za milimita 12 kila baada ya sentimita 15, kwenda na kukatiza, ina vipande 18 vya mita 1.1 baada ya kuacha sentimita 5 za zege kila upande. Besi 12 za mwanzo zingetaka vipande 216, jumla mita 237.6. Programu itakupa mita hizo, wewe utagawanya kwa 12, urefu wa nondo moja, upate 20. Lakini nondo ya mita 12 hutoa vipande kumi tu vya mita 1.1, na mabaki hayaungwi kuwa kipande. Zinahitajika 22. Kwa hiyo kwenye jedwali linalokwenda kwa kamati andika idadi ya vipande, urefu wa kila kipande na nondo nzima za kununua. Mita na kilo ziache kwa mkadiriaji.