Reli Zilizotutangulia (5): Kalundu hadi Kamaniola

Tangu Tanzania na Burundi zitie saini mkataba wa reli ya Uvinza hadi Musongati mwaka 2025, kila baraza la kahawa Bujumbura lina mhandisi wake. Nami nafurahi. Lakini wanaodhani pande zetu hizi hazijawahi kusikia honi ya garimoshi wapande Kiriri, wasimame penye kaburi la Rwagasore, watazame ng'ambo ya ziwa. Chini ya ile milima ya Uvira ndipo ilipopita reli ya Kivu, CEFAKI.

Wabelgiji waliifungua mwaka 1931. Ilianzia bandari ya Kalundu, kusini kidogo ya Uvira, ikafuata bonde la Ruzizi takriban kilomita 90 hadi Kamaniola. Hapo ikagota. Nia ilikuwa Bukavu, ila mbele kuna mlima, na Ruzizi yenyewe huko juu hushuka kwa kishindo korongoni. Basi mzigo wa Bukavu ulishushwa melini Kalundu, ukapakiwa behewani, ukashushwa tena Kamaniola, ukapandishwa lorini. Kila kituo wachukuzi, kila kituo malipo, na nani asiyejua gunia linavyopasuka likishikwashikwa? Lori lililokwenda moja kwa moja likashinda. Mwaka 1958 reli ikafungwa, na tuta lake halikutengenezwa kuwa njia ya miguu.

Kumbe mabwana hao hao kwao walikuja kuerevuka. Ubelgiji ilikuwa na tramu za vijijini, zile za "vicinal", chini ya shirika lililoundwa mwaka 1885. Mtandao ulikaribia kilomita 5,000. Leo imebaki hasa ya pwani, Knokke hadi De Panne. Tangu mwaka 1995, Wallonia inageuza matuta ya reli na tramu zilizong'olewa kuwa njia za RAVeL. Gari haliingii, na mwinuko ni wa pole kwa kuwa tramu haikuweza kupanda ukuta, hivyo bibi na mjukuu hupita na baiskeli bila kupigiwa honi.

Kwetu wakimbiaji wa Jumamosi walizoea kupanda Kiriri kwenye lami ileile ya magari, wakiimba. Mwaka 2014 mbio za vikundi zilizuiwa mitaani, zikaelekezwa viwanjani. Tunajenga kana kwamba kutembea ni aibu ya maskini! Wapimaji wa Musongati watenge mita tatu nje ya uzio wa reli, za miguu na baiskeli, wakati fidia bado inahesabiwa.

Wiki ijayo: Vicicongo, Aketi hadi Mungbere.