Je, Wajua? Raha za Kolwezi Zilizofungwa

Je, wajua kwamba Kolwezi, mji wa migodi nchini Kongo, iliwahi kuwa na uwanja wa mbio za farasi? Farasi walikuwa wameshaondoka tarehe 19 Mei 1978, askari wa miavuli wa Ufaransa walipotua kwenye uwanja huo wakati wa vita vya mkoa wa Shaba.

Na mji wenyewe? Ulianzishwa mwaka 1937 na kampuni ya Union Minière. Wazungu walikaa kwenye mitaa yao, Waafrika kwenye kampi, na michezo ikagawanywa vivyo hivyo: mabwawa ya kuogelea na tenisi huku, mpira wa miguu kule.

Je, wajua kwa nini kampuni ya kuchimba shaba ilijishughulisha na burudani? Wafanyakazi walikuwa wakitoroka. Kuanzia 1928 ikawapa mikataba ya miaka mitatu na kuwahimiza waje na wake zao, kwa kuwa mwenye watoto kampini hatoroki kirahisi. Posho, shule, hospitali, sinema, mafunzo ya ushonaji kwa akina mama, vyote vilikuwa ndani ya hesabu hiyo. Hata hivyo furaha ya watoto waliokulia humo ilikuwa ya kweli, na sikubali idharauliwe kwa sababu tu mlipaji alikuwa akihesabu tani. Wenyewe walisema: kazi ndjo baba, ndjo mama.

Baba huyo alibadili jina. Serikali iliitwaa kampuni tarehe 1 Januari 1967, na baadaye ikaitwa Gécamines, ikirithi migodi pamoja na klabu na viwanja.

Je, wajua jinsi ilivyoanguka? Mwaka 1986 ilitoa tani 476,000 za shaba. Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto ikabomoka. Kufikia 1994 tani hazikufika 35,000. Mshahara ukikosekana, nani atatia maji bwawani? Kuanzia 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa mpango uliogharamiwa na Benki ya Dunia. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu alikuwa amewaita, katika kitabu chake cha 2001, watoto wa Shaba waliotelekezwa na baba yao.

Je, wajua kwamba mwaka 2023 Kongo ilitoa zaidi ya tani milioni 2.5 za shaba, nyingi zikitoka Lualaba, mkoa wa Kolwezi? Kwa utajiri huo, bembea na bwawa la umma kwa watoto wa Manika na Dilala, wilaya za mji huo, vinawezekana kabisa, na safari hii visitegemee mkataba wa kazi wa baba.