SHAURI LAKO LAENDA BARAZA GANI?

Mwananchi wa Keza aamkapo asubuhi na kukuta jirani yake amesogeza mpaka wa shamba la migomba, swali lake la kwanza si sheria yasemaje. Hujiuliza: niende wapi? Kwa mwenyekiti wa kitongoji? Kwa mtendaji wa kata? Au nishike njia ya mahakamani moja kwa moja? Swali hilo ni dogo masikioni lakini ni kubwa sana kwa matokeo yake. Wako watu walioshinda mashauri yao, wakashangilia, wakapanda miti juu ya mpaka, kisha baada ya miaka Mahakama Kuu ikayafuta yote tangu mwanzo, si kwa kuwa hawakuwa na haki, bali kwa kuwa mlango waliobisha haukuwa mlango wa shauri lile. Hukumu ya chombo kisicho na mamlaka haina nguvu, hata ikiwa imeandikwa vizuri na kupigwa muhuri.

Zamani njia ilikuwa moja. Katika enzi ya Waingereza mashauri ya Waafrika yalisikilizwa katika mabaraza ya watawala wa jadi, na huku Ngara watu waliwaendea watawala wa Bugufi na wa Bushubi. Yule yule aliyesimamia kodi ndiye aliyekaa kitini kuamua. Mwaka 1963 Bunge la Tanganyika lilifuta mamlaka ya watawala hao, na mwaka huo huo likatunga sheria mpya ya mahakama za mahakimu. Kuanzia mwaka 1964 hakimu wa Mahakama ya Mwanzo akawa mtumishi wa mahakama, si wa mtawala. Lilikuwa badiliko jema. Lakini lilileta ngazi nyingi, na baadaye yakaongezwa mabaraza mengine pembeni ya ngazi hizo, hata mtu asiye na mwongozo akapotea.

Tuanze na Mahakama ya Mwanzo, kwa kuwa ndiyo iliyo karibu na watu. Lugha yake tangu hapo ni Kiswahili, wakati mahakama za juu ziliandika hukumu zao kwa Kiingereza mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 2021. Husikiliza madai ya fedha ya kiasi, kama vile mtu aliyechukua gunia za maharage kwa ahadi akakataa kulipa. Husikiliza makosa ya jinai yasiyo makubwa, kama wizi mdogo, matusi na shambulio la kawaida, na kwa desturi kifungo chake hakizidi miezi 12. Kesi ya mauaji haimo kabisa katika uwezo wake. Hiyo ni ya Mahakama Kuu, au ya hakimu mkazi aliyepewa mamlaka ya ziada. Kwa miaka mingi mawakili hawakuruhusiwa kusimama katika Mahakama ya Mwanzo. Tangu mwaka 2021 wanaweza, endapo anayeketi ni hakimu mkazi. Wako wanaolipongeza jambo hilo. Sisi twaona kuwa maskini anayekabiliana na tajiri mwenye wakili amepoteza kitu.

Sasa ardhi. Hapa ndipo wengi huanguka. Mahakama ya Mwanzo haina tena uwezo juu ya ugomvi wa ardhi ya kijiji. Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya mwaka 2002 iliweka njia nyingine. Kwanza lipo Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba ambao watatu kati yao ni wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha, si kuhukumu. Lipo tena Baraza la Kata. Kwa miaka mingi baraza hilo lilitoa hukumu za ardhi, na hata leo watu huliendea wakidhani litawapa ushindi. Hukumu hizo zilikoma mwaka 2021. Sasa kazi ya Baraza la Kata katika ugomvi wa ardhi ni kuwapatanisha wenye shauri, na likishindwa hutoa cheti cha kueleza kuwa limeshindwa. Bila cheti hicho Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halipokei shauri, isipokuwa siku 30 zimepita tangu lilipofunguliwa katani na suluhu haikupatikana. Basi mwananchi wa Keza anayekwenda Ngara mjini mikono mitupu, bila cheti na kabla ya siku hizo kupita, amepoteza nauli.

Kuna na hili la wanawake, nalo limetoka katika mkoa wetu huu wa Kagera. Mwaka 1988 mama mmoja wa wilaya ya Muleba aliuza shamba alilorithi kwa baba yake kwa wosia. Alimwuzia mtu asiye wa ukoo kwa shilingi 300,000. Ndugu wa ukoo akaenda Mahakama ya Mwanzo, maana wakati ule ndiko mashauri ya mashamba yalikokwenda, akadai kuwa kwa mila ya Wahaya mwanamke hawezi kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo ikamkubalia: kanuni za mila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963 zilisema hivyo hasa. Yule mama hakukaa kimya. Alikata rufaa Mahakama ya Wilaya, akashinda. Mpinzani wake akapanda hadi Mahakama Kuu, Mwanza, na hapo Jaji Mwalusanya akaamua kuwa Katiba, yenye haki za binadamu tangu mwaka 1984, haiwezi kukaa pamoja na mila inayomnyima mwanamke kwa sababu ya jinsia yake. Mwanamke aweza kuuza kwa masharti yale yale ya mwanamume. Ndugu wa ukoo naye hakuachwa mtupu: alipewa miezi sita kulikomboa shamba kwa kurudisha fedha ile ile. Baadaye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 iliandika wazi kuwa mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki, kutumia na kuhawilisha ardhi. Tumelisimulia kwa urefu kwa sababu lingeishia ngazi ya kwanza kama yule mama asingejua kuwa ipo ngazi ya pili.

Ndoa ina mlango wake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yataka mume na mke wapite kwanza katika baraza la usuluhishi, liwe la kata, la kanisa au la Bakwata. Likishindwa huandika hati, na hati hiyo ndiyo hupelekwa mahakamani pamoja na ombi la talaka, hata katika Mahakama ya Mwanzo.

Mirathi nayo yaweza kuanzia Mahakama ya Mwanzo ikiwa marehemu aliishi kwa kufuata mila au sheria ya Kiislamu. Kikao cha ukoo hupendekeza jina. Mahakama ndiyo humteua msimamizi. Na tuseme wazi, kwa kuwa ugomvi mwingi huzaliwa hapa: msimamizi wa mirathi si mrithi wa vyote. Amepewa kazi ya kukusanya, kulipa madeni na kugawa, kisha kupeleka hesabu mahakamani.

Asiyeridhika na Mahakama ya Mwanzo ana siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya, na kutoka hapo siku 30 nyingine kwenda Mahakama Kuu, ambayo siku hizi ina masjala yake Bukoba. Asiyeridhika na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya ana siku 45. Siku hizo hazimngoji mtu avune kahawa kwanza. Ziki­pita, itambidi aombe kuongezewa muda na atoe sababu ya kweli, na kusema tu kuwa hakujua huwa hakumsaidii. Kwa hiyo siku ile ile hukumu isomwapo, kabla hajatoka uani, na aombe nakala, aitazame tarehe iliyoandikwa mwishoni, na aanze kuhesabu kutoka hapo.